Ramani ya T1 kwa sekunde badala ya saa: bei ya kasi hulipwa wapi?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa radiografia. Nimesoma kwamba kupima T1 na T2 za tishu (nyakati ambazo usumaku wake huchukua kutulia baada ya kusukumwa) kwa MRI, yaani picha za mwili kwa sumaku, zamani kulichukua saa kadhaa, na leo zipo njia zinazomaliza kazi hiyo kwa sekunde au dakika chache. Mwalimu wetu alisema kila kasi ina bei yake, kipindi kikaisha kabla hajafafanua. Je, mashine ndizo zimeongezeka kasi? Na namba zinazotoka humo ni vipimo halisi au ni makisio?

Jibu: Mwalimu wako amekupa nusu ya jibu. Nitajaribu kukupa nusu iliyobaki, maana hiyo ndiyo inayowaponza watu. Bei ya kasi hailipwi mahali pamoja. Njia moja huilipa kwa kelele kwenye picha, nyingine kwa kosa la pembe, nyingine kwa kudhani jambo kuhusu tishu ambalo pengine si kweli. Ukijua njia fulani imelipia wapi, utajua pia ni lini usiiamini.

Kuhusu mashine: kasi haikutoka huko, angalau si sehemu yake kubwa. Koili zinazobadilisha uga wa sumaku kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine zimeboreshwa sana, lakini zikibadilishwa kwa kasi iliyopita kiasi, neva za mgonjwa hushtuka na misuli hucheza yenyewe. Mawimbi ya redio yakizidi, mwili hupata joto. Na hata vikomo hivyo visingekuwepo, bado zingebaki protoni, na protoni haziharakishwi na mtu.

Ndani ya sumaku, protoni za haidrojeni zilizo kwenye maji na mafuta ya mwili hujipanga kwa kiasi kidogo kufuata uga. Wimbi la redio likizipata kwa masafa yake, ambayo ni karibu megahezi 64 kwenye sumaku ya tesla 1.5 na karibu megahezi 128 kwenye tesla 3, usumaku wake huinama kama pia iliyosukumwa ikiwa katika mzunguko. Hapo mambo mawili huanza kwa wakati mmoja. Usumaku hurudi kusimama taratibu, na muda wa kurudi huko ndio T1. Protoni nazo hupoteza mwendo wao wa pamoja, na muda wa kupoteana huko ndio T2. Ikipita T1 moja baada ya usumaku kulazwa kabisa, asilimia 63 yake huwa imerudi. Zikipita T1 tano, zaidi ya asilimia 99. Sehemu nyeupe ya ubongo kwenye tesla 3 ina T1 isiyofika sekunde moja, ilhali maji yanayouzunguka ubongo yana T1 ya sekunde nne hivi.

Sasa piga hesabu ya njia ya kale, ile ambayo hadi leo ndiyo rejea ya T1. Unaugeuza usumaku juu chini, unasubiri muda fulani, unasoma mstari mmoja wa data, kisha unangoja kila kitu kirudi mahali pake kabla ya kugeuza tena. Kwa tishu yenye T1 ya sekunde moja, ngojea hiyo ni sekunde 5. Picha ya mistari 256 itachukua sekunde 1280, yaani dakika 21 na ushei. Hiyo ni kwa muda mmoja tu wa kusubiri. Ili kuchora mkunjo mzima wa kurudi kwa usumaku unahitaji nyakati tofauti, tuseme nane. Jumla inakuwa saa mbili na dakika 50, kwa kipande kimoja cha mwili. Hakuna mgonjwa atakayelala bila kutikisika muda wote huo, na moyo wake hautasimama kukusubiri.

Kwa nini basi watu wakahangaika na namba wakati picha zipo? Kwa sababu picha ya kawaida ya MRI haina kipimo. Weupe wa ini kwenye picha hauna maana peke yake, unapata maana ukiulinganisha na wengu ulio jirani. Ugonjwa ulioenea sawasawa kwenye ini lote unaweza kukupita machoni, maana hakuna sehemu nzima ya kulinganisha nayo. T1 ni milisekunde. Ni sifa ya tishu kwenye uga fulani wa sumaku, na leo inaweza kulinganishwa na mwaka ujao. Tamaa hiyo ni ya zamani kuliko picha zenyewe: mwaka 1971 Raymond Damadian alipima vipande vya tishu za panya akaona T1 na T2 za uvimbe ni ndefu kuliko za tishu nzima, miaka miwili kabla Paul Lauterbur hajachapisha picha ya kwanza ya aina hii.

Njia ya kwanza ya kuokoa muda ni kutokungoja. Mwaka 1970 Look na Locker walionyesha kwamba huna haja ya kusubiri usumaku urudi wote: uguse kwa pembe ndogo, yaani uuinamishe kidogo tu, tena na tena wakati ukiwa njiani, na kwa mgeuzo mmoja utaupata mkunjo wote. Njia ya pili katika ukoo huo hata haigeuzi. Inapiga mapigo mafupi ya redio mfululizo, kila milisekunde chache, kwanza kwa pembe ndogo kisha kwa pembe kubwa zaidi, na tofauti ya mwangaza kati ya hali hizo mbili ndiyo inayotoa T1. Kwa njia hii kichwa kizima hupimwa kwa dakika chache.

Bei yake iko kwenye pembe. Hesabu inachukulia kwamba ukiagiza digrii 15, tishu imepata digrii 15. Kwenye tesla 3 wimbi la redio likiingia mwilini urefu wake hupungua hadi karibu sentimita 30, ukubwa unaokaribiana na ule wa kiwiliwili, kwa hiyo hujikunja na kujiingilia lenyewe: mahali pengine pembe huzidi, pengine hupungua. Pembe ikikosea kwa asilimia 10, T1 hukosea kwa karibu asilimia 20, kwa sababu kosa huingia kwa mraba. Angalia ukubwa huo. Magonjwa mengi tunayoyatafuta hubadilisha T1 kwa kiasi kidogo kuliko hapo. Dawa yake ni kupima pia ramani ya pembe zenyewe na kuzisahihisha, jambo linalorudisha sehemu ya muda uliookoa. Ukiona kazi ya T1 iliyotumia njia hii bila kutaja masahihisho ya pembe, iweke kando.

Namna nyingine ni kukusanya mistari michache. MRI haipigi picha nukta kwa nukta. Hukusanya mistari ya data, na hesabu za Fourier huigeuza kuwa picha. Ukiruka kila mstari wa pili, picha hujikunja na kulaliana. Lakini mgonjwa wa leo amezungukwa na koili nyingi ndogo, na kila koili husikia zaidi sehemu iliyo karibu nayo. Tofauti hizo za usikivu zinatosha kuikunjua picha. Kundi la Klaas Pruessmann lilichapisha njia ya SENSE mwaka 1999, na mwaka 2002 Mark Griswold na wenzake wakaleta GRAPPA. Bei hapa ni kelele, na mimi naipenda bei hii kwa sababu haijifichi. Ukikusanya nusu ya data, mawimbi unayoyataka hupungua nguvu dhidi ya kelele kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani unabaki na kama asilimia 71 ya ubora, tena chini zaidi pale ambapo koili zinasikia sawa. Picha inakuwa na chembechembe. Inakuonyesha waziwazi kwamba imepungukiwa.

Mwaka 2007 Michael Lustig, David Donoho na John Pauly walisogeza mbele zaidi. Picha za tiba, kama picha za simu, zinaweza kubanwa, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichomo ni marudio. Wakauliza: ikiwa tutayatupa marudio hayo baadaye, kwa nini tuyapime? Ukiruka mistari bila mpangilio maalumu, makosa hutawanyika kama kelele badala ya kulaliana kama vivuli, na hesabu inaweza kutafuta picha nyepesi kuliko zote, yaani yenye mambo machache zaidi, inayokubaliana na data uliyonayo. Ramani za T1 na T2 zinanufaika sana na wazo hili, kwani picha nane za kipande kile kile zinafanana mno. Ila hapa tayari umeanza kudhani: umedhani picha ni nyepesi. Kidonda kidogo chenye mwangaza hafifu ndicho cha kwanza kulainishwa hadi kikapotea.

Sasa nifike kwenye njia ambayo, kwa maoni yangu, ilibadilisha namna tunavyofikiri. Mwaka 2013 Dan Ma, yule yule Griswold na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Nature njia waliyoifananisha na alama za vidole. Hadi wakati huo kila mtu alijitahidi kuweka hali ya utulivu, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja na kupima. Wao wakavunja utulivu kwa makusudi. Pembe na vipindi kati ya mapigo vinabadilika kila mara kama bila mpango, picha elfu moja zinachukuliwa kwa takriban sekunde 12 kwa kipande, na kila moja peke yake ni fujo isiyosomeka. Lakini katika kila nukta, mwangaza unapanda na kushuka kwa mtindo unaotegemea T1 na T2 ya tishu iliyopo hapo. Kompyuta, kwa kutumia milinganyo ambayo Felix Bloch aliiandika mwaka 1946, imeshatengeneza kamusi ya mitindo yote inayotarajiwa: T1 hii na T2 ile zingetoa mtindo huu. Kazi iliyobaki ni kutafuta mtindo wa kwenye kamusi unaofanana zaidi na ule uliopimwa. T1, T2 na wingi wa protoni hutoka kwa mkupuo mmoja, na fujo ya picha hugeuka kuwa kelele isiyofanana na chochote kilichomo kwenye kamusi.

Hapa sasa ndipo swali lako la makisio linapokuwa zito. Je, hicho ni kipimo? Ndiyo, kwa sababu data zimetoka kwenye mwili wa mgonjwa huyu, na fizikia inayozitafsiri ni ile ile ya njia ya polepole. Lakini kamusi ina tabia moja ya kuiangalia: kila ikiulizwa, hujibu. Ipe nukta iliyo mpakani, nusu ubongo na nusu maji, itakupa T1 moja ambayo si ya ubongo wala si ya maji. Ipe sehemu nyeupe ya ubongo, ambako maji yaliyobanwa kati ya tabaka za mafuta za neva hubadilishana usumaku na molekuli kubwa zilizo jirani, na kama kamusi haikuandikwa kwa kuzingatia jambo hilo, itakuchagulia neno lililo karibu na kukukabidhi bila kusita. Hakuna ukurasa wenye neno “sijui”. Kwa hiyo bei ya njia hii imelipwa kwenye yale ambayo mwandishi wa kamusi hakuyaweka, na huioni kwa kutazama ramani. Lazima uulize kamusi iliandikwa vipi.

Akili bandia nitaipitia kwa ufupi, ingawa ndiyo inayosemwa zaidi siku hizi. Inafundishwa kwa maelfu ya picha zilizokusanywa kikamilifu, halafu inapewa data pungufu na kujazia. Hazina ya data ya fastMRI, iliyotolewa mwaka 2018 na Chuo Kikuu cha New York pamoja na kitengo cha utafiti cha Facebook, iliwapa watafiti wengi pa kuanzia, na matokeo ni mazuri kweli. Hofu yangu ni moja. Njia za zamani zikishindwa, picha huwa mbaya, na hata mwanafunzi anashtuka. Mtandao wa neva bandia, yaani hiyo programu ya akili bandia, ukishindwa unaweza kukupa picha safi yenye kitu kisichokuwepo, au isiyo na kitu kilichokuwepo. Penye urembo ndipo penye urimbo. Mifumo ninayoiamini ni ile inayolazimishwa, kila hatua, kurudi kwenye data halisi za mgonjwa na kukubaliana nazo.

Nisikuache ukidhani kila njia ya haraka ni mtego. Kwenye ini tuna mfano ambao natamani kila kipimo kiufuate. Mwaka 1984 Thomas Dixon alionyesha kwamba mafuta na maji yanaweza kutenganishwa kwa sababu protoni zake hutofautiana masafa kidogo, kama hezi 220 kwenye tesla 1.5. Leo tunachukua miangwi kadhaa (ishara zinazorudi kutoka mwilini baada ya pigo la redio), aghalabu sita, mgonjwa akiwa ameshika pumzi mara moja tu, na tunapata asilimia ya mafuta kwa ini zima. Kulinganisha tu: kipande kinachotolewa kwa sindano ni kama sehemu 1 kwa 50,000 ya ini. Na kwa nini namba hii inaaminika, tena ikihama kutoka mashine moja hadi nyingine? Kwa sababu watu waliketi wakahesabu kila deni. Tofauti ya T1 kati ya mafuta na maji ingepotosha uwiano, kwa hiyo wakatumia pembe ndogo sana. Madini ya chuma hufifisha mwangwi haraka, kwa hiyo ufifiaji huo unapimwa hapo hapo na kuondolewa kwenye hesabu. Mafuta hayana masafa mamoja bali vilele kadhaa, kwa hiyo vyote vikaingizwa. Zaidi ya asilimia 5 hivi, ini huhesabiwa kuwa na mafuta yaliyozidi. Na ule ufifiaji ulioondolewa nao ni kipimo: ndio unaotuonyesha chuma kilichojaa kwenye ini la mtu anayeongezewa damu mara kwa mara. Kwenye moyo, kipimo cha ufifiaji huo huo, T2*, kikishuka chini ya milisekunde 20 kwenye tesla 1.5 huashiria chuma kimeingia, na chini ya 10 hali ni ya hatari. Kwa wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, namba hiyo imeokoa maisha, kwa sababu huonekana kabla moyo haujaanza kushindwa.

T1 ya moyo iko katikati, kati ya kuaminika na kutoaminika. Njia ya MOLLI ilitoka mwaka 2004, ikahitaji mapigo 17 ya moyo; mwaka 2010 ikafupishwa hadi mapigo 9, jambo kubwa kwa mgonjwa asiyeweza kushika pumzi. Inajulikana kwamba MOLLI husoma T1 chini ya ile halisi, na kwamba hupotoshwa na T2 na hata na kasi ya moyo. Lakini ukimpima mtu yule yule leo na kesho kwenye mashine ile ile, namba hurudi karibu pale pale. Hapa tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: usahihi na uthabiti. Saa iliyo nyuma kwa dakika tano siku zote inakufaa ukijua iko nyuma kwa dakika tano. Ndiyo maana kila kituo kinatakiwa kiwe na viwango vyake kutoka kwa watu wazima wa afya waliopimwa kwenye mashine yake.

Niliwahi kuletewa taarifa mbili za mgonjwa mmoja wa moyo, ya kwanza ikiwa na T1 ya karibu milisekunde 1000, ya pili karibu 1190. Familia ilikuwa imeshaambiwa ugonjwa umekua kwa kasi. Nilipotazama maandishi madogo pembeni mwa picha, kipimo cha kwanza kilifanywa kwenye tesla 1.5 na cha pili kwenye tesla 3. T1 hurefuka kadiri uga wa sumaku unavyoongezeka, kwa hiyo namba zote mbili zilikuwa za kawaida. Wiki tatu za hofu zilitokana na mstari mmoja ambao hakuna aliyeusoma. Tangu siku hiyo sisomi T1 yoyote kabla ya kuona nguvu ya sumaku na jina la njia iliyotumika, na nakusihi uanze tabia hiyo ukiwa bado mwanafunzi.

Hata njia zinazoheshimika hazikubaliani. Mwaka 2015 Nikola Stikov na wenzake walipima ubongo wa watu wale wale kwa njia tatu: ile ya polepole ya kugeuza, ya Look na Locker, na ya pembe mbalimbali. Kwenye chupa za majaribio zilielekea kukubaliana. Kwenye ubongo hai zikaachana, ya Look na Locker ikisoma chini na ya pembe mbalimbali ikisoma juu. Chupa ya maji yenye chumvi ni kitu kimoja. Tishu hai ni vitu vingi vilivyoshonwa pamoja, na kila njia huona sehemu yake.

Hata hivyo chupa ndizo pa kuanzia, na kama idara yenu inaruhusu, fanya zoezi hili. Chukua chupa ndogo nane au kumi za maji yenye viwango tofauti vya kloridi ya nikeli, ili T1 zianzie kama milisekunde 100 na kuishia karibu na 2000. Usichanganye mwenyewe bila msimamizi, nikeli ni sumu. Ziache ndani ya chumba cha mashine usiku kucha zipate joto la chumba, na uandike joto hilo, maana T1 ya chupa hubadilika nalo. Siku ambayo mashine haina wagonjwa, pima kwa njia ya polepole, ukingoja kila mara T1 tano za chupa yenye T1 ndefu kuliko zote. Bila kuzigusa chupa, pima tena kwa njia ya haraka mliyonayo, mara tatu, kisha zihamishie pembezoni mwa koili na upime tena. Weka namba za polepole kwenye mhimili mmoja na za haraka kwenye mwingine, uchore katikati mstari wa mshazari ambapo namba hizo mbili ni sawa. Nukta zikiuacha mstari kwenye T1 ndefu tu, njia yako haikusubiri vya kutosha. Zikiuacha kila chupa inaposogea pembezoni, tatizo ni pembe. Zikitawanyika juu na chini ya mstari kila unaporudia, unalipa kwa kelele. Nitumie mchoro huo ukiwa tayari, tuusome pamoja.